Mtoto alitapika bato nzima, tutarudi Bukavu namna gani?

SWALI: Dada, tulitoka Bukavu na mtoto wetu wa miaka 3 kuja kufanya Noeli Goma kwa mama yangu, tukapanda bato ya usiku, kumbe hata kisiwa cha Idjwi hatujakimaliza mtoto akaanza kutapika, kwa nguo zake, kwangu, mpaka kwa kitenge cha mama mmoja alikuwa pembeni, na nguo zingine ziko kwa valizi, valizi iko chini ya mizigo ya watu! Bwana yangu anasema ni juu ya sambaza, wale samaki wadogo wa kukaanga, nilimlisha pa bandari. Kurudi naogopa.
Mama wa Bukavu

JIBU: Pole sana mama. Bwana yako ana haki kidogo tu, tumbo lililojaa mafuta linazidisha, lakini mwenye makosa ni mawimbi, watoto kuanzia miaka 2 mpaka 12 ndio wanasumbuliwa zaidi na hiyo kitu. Kurudi mpe mkate ama ndizi kidogo saa moja mbele ya kupanda, kaeni katikati ya bato, chini, pale haichezi sana, na telefone usimpe aangalie. Akitapika, maji kidogo kidogo kwa kijiko. Dawa ya wakubwa usimkatie nusu, uliza muganga wa hospitali kwanza. Na nguo mbili pamoja na pulover uziweke kwa mfuko wa mkononi, ziwa Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari, usiku baridi haina mchezo.

Kile kitenge, ulikifua?