Maswali yenu ya vitabu: huyu Clark Ashton Smith katokea wapi?

Mwezi huu karibu maswali yote yanamhusu mtu mmoja, na kosa ni langu mwenyewe, toleo lililopita nilimtaja Clark Ashton Smith, mwandishi Mmarekani wa mashairi na hadithi za ajabu, kwa mstari mmoja tu, nikasema ni yule aliyesoma kamusi nzima, alafu nikapita zangu. Haya, nimechagua matano, twende.

Shikamoo mjomba. Kamusi mtu anaisomaje nzima? Si unatafuta neno lako unafunga? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Aliisoma kama wewe unavyosoma riwaya, ukurasa baada ya ukurasa. Jamaa kazaliwa 1893 huko California, kakulia nje kidogo ya mji mdogo wa Auburn, juu ya kilima kikavu cha mawe, kwenye kibanda ambacho baba yake alijenga na yeye akisaidia, hakina umeme hakina bomba. Akafaulu mtihani wa kuingia sekondari kisha akasema siendi, ntajisomea nyumbani, na wazazi wakakubali (wangu wangenipeleka na fimbo mgongoni). Basi akachukua ile kamusi nene ya Webster akaenda nayo mpaka mwisho, anaangalia na kila neno limetoka lugha gani, akitoka hapo akaingia kwenye ensaiklopidia ya Britannica, akaimaliza, akairudia.

Ndo maana ukimsoma unakutana na maneno ambayo hata Waingereza wenyewe wanakodoa macho. Kuna watu wanasema anajishaua tu. Mie siafiki hata kidogo. Nani kati yetu anamsoma Muyaka bila kumuuliza mtu wa Mombasa maana ya maneno? Mwaka 1930 alimwandikia barua rafiki yake Lovecraft, mwandishi mwenzake wa hadithi za kutisha, akamweleza kwamba anachotaka ni kumzuga msomaji akubali jambo lisilowezekana, kwa uchawi wa maneno, mapigo ya sentensi na sauti zake, kama mtu anayesoma kisomo. Sasa mganga akikusomea kwa maneno ya kila siku, ya sokoni, utatetemeka kweli? Neno geni lina kazi yake pale, linakuondoa ulipokaa.

Mjomba, mbona hadithi zake zina masultani, majini na majangwa, huyu alisilimu au aliishi Uarabuni? (Msomaji, Muscat)

Wala. Hakwenda Uarabuni wala Ufaransa, japo alibuni mkoa mzima wa Ufaransa ya zamani akauita Averoigne, umejaa watawa na wachawi. Kila kitu alikipata vitabuni. Utotoni alisoma Alfu Lela Ulela, hizi hizi ambazo bibi zetu walikuwa wanatusimulia vipande vipande bila kujua zimetoka kitabuni, na alipofika kama miaka 14 akaandika hadithi ndefu ya mambo ya Mashariki, ya almasi nyeusi, ndefu haswa kwa mtoto. Alafu kuna Vathek, kisa cha khalifa aliyejiuza kwa shetani, kilichoandikwa na Mwingereza tajiri anaitwa Beckford karne ya 18. Beckford aliacha kisa kingine cha mfululizo huo hakijaisha, cha Zulkais na Kalilah, na Smith akakaa chini akakimalizia mwenyewe. Fikiria hiyo jeuri, mtu wa kibandani California anamalizia kazi ya bwana aliyekufa zamani, na ukisoma si rahisi kuona mshono uko wapi.

Wengine waliomkaa kichwani ni Edgar Allan Poe, Mmarekani wa mashairi na hadithi za kutisha, aliyemsoma akiwa na miaka 13, na mshairi wa San Francisco, George Sterling, aliyemshika mkono mpaka kitabu chake cha kwanza cha mashairi kikatoka 1912, kijana ana miaka 19. Na Baudelaire, mshairi Mfaransa. Kwa ajili ya Baudelaire alijifunza Kifaransa peke yake, hana mwalimu, akaanza kumtafsiri.

Yeye na Lovecraft walikuwa wanakaa mji mmoja? (Msomaji, Nakuru)

Hawakuonana hata siku moja. Barua tu, kuanzia 1922 mpaka Lovecraft alipofariki 1937, mmoja yuko Providence, mwingine Auburn, nchi nzima katikati. Walitaniana kwa majina, Lovecraft alimwita Klarkash-Ton kana kwamba ni kuhani wa kale, na waliazimana hata miungu ya kubuni ya kwenye hadithi zao: yule mungu mvivu mnene anayefanana na chura, Tsathoggua, ni wa Smith.

Shikamoo. Nimesikia aliandika sana miaka michache alafu akanyamaza. Alifulia kimawazo? (Mwalimu wa sekondari, Morogoro)

Marahaba mwalimu. Kumbuka tu kwamba yeye alijiona mshairi. Hadithi alianza kuzifyatua kwa wingi karibu na 1929 kwa sababu wazazi wamezeeka wanaumwa, na majarida kama Weird Tales yalikuwa yanalipa, si sana, lakini shairi halikulipa kabisa. Kwahiyo ndani ya miaka kama mitano hivi akatoa hadithi zaidi ya mia, na katikati ya hapo anachuma matunda kwenye mashamba ya watu, anapasua kuni, anachimba visima. Mwaka 1933 alijichapishia kijitabu cha hadithi sita ambazo majarida yalizikataa, kwenye mtambo wa gazeti la pale pale Auburn, akakiuza senti 25.

Alafu mama akafariki 1935. Baba akafuata 1937, mwaka ule ule wa Lovecraft. Sasa aandike kwa ajili ya nani? Akazama kwenye kuchonga mawe laini, kazi aliyoianza karibu na 1935, vichwa vidogo vya ajabu ajabu, vina midomo mipana na macho ya kusinzia, ukivitazama unajua mkono ni ule ule. Mie siiti kunyamaza hiyo. Alioa 1954 akiwa na miaka 61, akahamia Pacific Grove kwa mkewe, akafariki 1961, na majivu yake yakarudishwa kilimani, karibu na jiwe kubwa la nyumbani.

Mjomba nianzie wapi, na je kuna chochote kinachotuhusu sisi huku? (Msomaji, Lamu)

Wewe wa Lamu una bahati. Anzia na hadithi za Zothique. Hilo ni bara la mwisho duniani, jua limezeeka limekuwa jekundu, sayansi imesahaulika na uchawi umerudi. Smith mwenyewe alieleza kwenye barua kwamba bara hilo limetokana na Uarabuni, Uajemi, India, na sehemu za Afrika ya kaskazini na mashariki. Mashariki ndo sisi! Na kama ulishasoma Al-Inkishafi, pale kwenye majumba ya Pate, madaka yaliyowekwa sahani za kichina sasa wanalala ndege, basi umeshaonja hewa ya Zothique, tofauti ni kwamba mtunzi wake, Sayyid Abdalla, anakuonya na Smith anatalii tu, anafurahia vumbi.

Ya kwanza isome ile ya 1932 inaitwa The Empire of the Necromancers: wachawi wawili wanaingia kwenye nchi iliyokufa kwa tauni, wanafufua mji mzima, wafalme kwa watumwa, wawe misukule wao. Mpaka siku msukule mmoja akaanza kukumbuka kwamba alikuwa mfalme. Mwisho sikwambii.

Kitabu changu usiniombe, kuna mtu Kariakoo kanikalia nacho tangu mwaka juzi.