Jozi tatu za ndara mlangoni: filamu fupi ya taharuki kwa kazi ya darasa, Bagamoyo

Kwenye somo la fasihi, taharuki huelezwa kuwa ni hamu ya msomaji kutaka kujua kitakachofuata. Maana hiyo inatosha kwa mtihani. Ukishika kamera inakupotosha, kwa sababu wanafunzi wengi huisoma kama amri ya kuficha. Wanamficha mhalifu, wanaficha sababu, wanaficha hata jina la mhusika, halafu dakika ya mwisho mtu anachomoka nyuma ya pazia. Mtazamaji anashtuka sekunde moja, basi. Taharuki ya filamu huja pale mtazamaji anapojua jambo ambalo mhusika halijui, huku akiona muda unayoyoma.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote tafuteni vitu viwili: kimoja cha kumjulisha mtazamaji, kingine cha kumhesabia muda. Vyote vipo nyumbani.

Chukulia nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, usiku. Ndani wamo binti wa sekondari na bibi yake. Pwani ndara huvuliwa mlangoni, kwa hiyo mwanzo wa filamu kamera inaonyesha jozi mbili kizingitini. Binti anapiga pasi sare ya kesho, bibi amejilaza chumbani. Kamera inarudi mlangoni: jozi tatu. Hodi haikupigwa. Ukutani mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, inasoma 0.08: uniti zinakaribia kwisha.

Hamjanunua damu ya bandia wala kinyago, na yeyote aliyekulia pwani ameshaanza kuomba binti asimalize ile sare. Mazungumzo nayo yawe haba. "Bibi, ni wewe uliyefungua mlango?" "Mimi sijainuka hapa tangu isha, mjukuu wangu." Mistari hiyo miwili inatosha kwa dakika nzima.

Hesabu ya LUKU iwe ya kweli, maana watazamaji wenu wananunua umeme kila wiki. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo inakula 0.01 kwa sekunde 36, hivyo 0.08 inakwisha ndani ya dakika tano kasoro kidogo, yaani karibu urefu wa filamu yenyewe. Pasi hujizima ikipata moto na kujiwasha tena, hivyo ikichukua zaidi si kosa. Lakini mkiacha taa ya wati 9 peke yake, 0.08 itadumu karibu saa tisa na taharuki imekufa. Ndiyo maana binti lazima apige pasi. Si kazi ya kujaza picha, ndiyo inayoumaliza umeme.

Mita ichukuliwe siku yake. Subirini nyumba ambayo uniti zinakaribia kwisha kweli, washeni pasi, simamisheni simu kwenye stendi mbele ya kioo cha mita na iache irekodi mpaka giza liingie. Mwanga utoke ubavuni, flashi izimwe, simu ikae pembeni kidogo ili kioo kisirudishe sura ya mpiga picha. Kutoka kwenye rekodi hiyo moja mtapata 0.08, 0.05, 0.02 na kuzimika kwenyewe. Mita isifunguliwe wala lakiri isiguswe. Ni hatari na ni kosa.

Skripti ya taharuki ni fupi kuliko mnavyodhani. Kwa kawaida ukurasa mmoja hukaribia dakika moja, ila mstari kama "anatembea hadi mlangoni, anasikiliza" unaweza kula sekunde arobaini. Kwa filamu ya dakika tano andikeni kurasa tatu. Kisha zivunjeni kuwa shoti kama arobaini, yaani vipande vya picha vinavyopigwa bila kukatiza, kila moja na namba yake kwenye daftari: nani anaonekana, kamera iko wapi, ndara ni jozi ngapi, mita inasoma ngapi. Kundi la wanafunzi hutumia dakika 15 hadi 20 kwa shoti, pamoja na kupanga taa na kurudia. Saa sita za kazi ni shoti 18 hivi, kwa hiyo tengeni siku mbili na nusu. Wanaopanga siku moja hukata shoti za mwisho, na kwenye taharuki mwisho ndiyo filamu.

Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila mwendelezo. Apige picha ya kila shoti kabla haijavunjwa: pasi ilikuwa mkono gani, kanga ilifungwaje, ndara zimeelekea wapi. Hapa ndipo kazi nyingi za shule huharibikia. Ndara ya kushoto ikigeuka bila sababu, mtazamaji atadhani ni dalili na atakwenda kutafuta maana isiyokuwepo.

Kwa upande wa kamera, simu inatosha. Fungeni fokasi na mwanga kwa kushikilia kidole kwenye kioo mpaka vijifunge, la sivyo binti akipita mbele ya taa picha nzima itapanda na kushuka kama inahema. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa za mrija na LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde na kuacha mistari inayotambaa kwenye picha. Kama simu ina sehemu ya mipangilio ya mkono, wekeni fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Kama inakubali fremu 30 tu, shata ibaki 1/50 au 1/100. Washeni hali ya ndege, maana simu ikiita katikati ya shoti nzuri hairudi. Na pawabenki iwe imejaa tangu jana yake.

Usiku msiupige usiku. Simu ikikosa mwanga hujaza picha chembechembe, na uso wa mwigizaji unakuwa kama umepakwa unga. Pigeni mchana ndani, madirisha yakiwa yamezibwa kwa kaniki mikunjo miwili, kisha muwashe taa moja tu, iliyo ubavuni kwa mhusika. Nusu ya uso ibaki gizani. Umeme "ukikatika", binti anawasha chemli. Mwanga wa chemli hautoshi kamera, kwa hiyo ficheni nyuma yake tochi ya simu iliyofunikwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Shoti ya nje ya nyumba ipigwe baada ya jua kuzama, anga likiwa buluu. Bagamoyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi, na mwanga huo haudumu zaidi ya dakika ishirini. Fanyeni mazoezi yote mapema. Mkichelewa, ni kesho.

Wanaotaka ufuo wajue mambo mawili. Pwani yetu imeelekea mashariki, jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Kivuli cha mtu mbele ya maji yanayong'aa ni kazi ya alfajiri. La pili ni maji. Kujaa na kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo mkirudi Jumamosi ijayo saa ile ile kupiga shoti iliyosahaulika, pale palipokuwa mchanga mtupu mtakuta bahari. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ni kubwa zaidi, na mikokoni maji huzunguka nyuma ya mtu bila kumwarifu. Mwulizeni mvuvi kabla ya kupeleka mwigizaji huko.

Sauti ndiyo nusu ya hofu, tena ile nusu inayodharauliwa. Maiki ya simu iliyo mita tatu kutoka kwa mwigizaji hurekodi kunguru na bodaboda kuliko yeye. Tumieni simu ya pili kama kinasa sauti, ifichwe chini ya meza au mfukoni mwa mwigizaji, na kila shoti ianze kwa kupiga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye sauti na picha zilinganishwe. Adhana ikianza, simamisheni kazi. Ni heshima, na pia hamtaweza kuunganisha shoti yenye adhana na isiyo nayo. Kabla ya kuondoka kila chumba, wote wanyamaze dakika moja nzima murekodi ukimya wake. Huo ndio mtakaouweka chini ya shoti zote, ili kila mkato usisikike kama mlango unaofungwa. Kisha rekodini karibu kabisa, moja moja: bawaba, mvuke wa pasi, ndara ikiburuzwa kwenye sakafu ya saruji. Jambo zuri kuliko muziki wowote ni kuacha nyenje walie tangu mwanzo, kisha wanyamaze ghafla mara tu jozi ya tatu inapoonekana.

Mkitaka ngoma, rekodini yenu. Mji wenye TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, haukosi mpigaji wa kumwomba. Ila haririni filamu nzima kwanza bila muziki. Ikichosha bila ngoma, ngoma haitaiponya.

Kuna hatari moja ambayo naisisitiza kuliko zote. Mtu akikimbia na panga kwenye uchochoro usiku, jirani hataona kamera, atapiga kelele za mwizi, na watu watatoka na magongo. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa na majirani siku moja kabla, mkiwa na barua ya shule. Panga liwe la mbao iliyopakwa rangi ya fedha. Mtu mzima anayejulikana mtaani asimame kila mwisho wa uchochoro. Neno "mwizi" lisitamkwe nje kabisa. Lirekodiwe ndani na kuingizwa baadaye. Kuhusu Kaole, Caravanserai na majengo mengine ya kale, ombeni ruhusa kwa wasimamizi wake mapema na msikalie makaburi. Mwalimu naye aulize Bodi ya Filamu kuhusu kibali, hasa kama filamu itatoka nje ya darasa. Kwa kazi ya kwanza, nyumba ya shangazi ni bora kuliko gofu.

Kwenye uhariri msiharakishe. Shoti ya jozi tatu ikae sekunde nne kamili, mtazamaji ahesabu mwenyewe. Mkimaliza, mwonyesheni mtu ambaye hakusoma skripti, simamisheni dakika ya pili na mumuulize anaogopa nini. Akisema "sijui, inatisha tu", hajaziona ndara: sogezeni kamera karibu, au jozi ya tatu iwe ya rangi tofauti na kubwa kuliko za mwanamke, kisha mumtafute mtu mwingine ambaye hajaiona.