Kujifunza kuhariri filamu na katuni ukiwa Kigoma

Mdogo wangu wa Ujiji, umeuliza utajifunzia wapi kuhariri filamu na kutengeneza katuni za kompyuta bila ada, na laptop yako ina RAM ya GB 8. Inawezekana kabisa. Kwa kuhariri, anza na programu ya Kdenlive. Ni ya bure na haielemei sana mashine. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, na watengenezaji wake, Blackmagic Design, wameweka vitabu vya mafunzo pamoja na video za mazoezi kwenye tovuti yao, ila kwa RAM hiyo itakukwamisha. Vitabu vipakue hata hivyo, kwa bando la usiku.

Kwa katuni, tumia Blender, programu huria tangu 2002. Usikimbilie kuchonga watu. Tengeneza mpira unaodunda, picha 24 kwa sekunde, uone unavyobonyea ukigusa chini na unavyopunguza kasi ukikaribia juu. Mimi niliurudia wiki nzima, na hapo ndipo nilipoelewa uzito wa kitu. Khan Academy, tovuti ya masomo, pia wana masomo ya bure waliyoandaa na Pixar, studio ya filamu za katuni.

Halafu nenda Kibirizi alfajiri, rekodi kwa simu mitumbwi ya dagaa ikirudi, uikate video hiyo ibaki dakika moja. Ukimaliza nitumie, nitaitazama yote.