Babu yako hakuupenda mkonge

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili mama yako alikuwepo, akacheka pale uliposema majaji wa shindano la wajasiriamali wanataka "hadithi yenye hisia". Umeniuliza mambo mawili: ni kosa kuingiza moyo wako kwenye kampuni changa kama yenu ya mikoba ya mkonge? Na je, useme bibi yako alikuwa msusi wa mkonge, kama alivyokushauri mwenzako?

La pili ni jepesi. Bibi yako alisuka mikeka ya ukindu, tena kwa manung'uniko. Mkonge ulikuwa wa babu yako, na babu yako hakuupenda. Aliletwa kutoka Kigoma akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, akakata majani upande wa Muheza hadi mwiba ukamwachia kovu chini ya jicho. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, nasi watoto tulifundishwa kujivunia. Yeye alichobaki nacho ni kipande, ile kadi ya kuwekewa alama mpaka zitimie siku 30 za kazi. Leo umshikishe bibi kikapu cha mkonge na tabasamu juu, ili mkoba uuzike? Sema lilivyo: mjukuu wa mkata mkonge anatengeneza kitu kizuri kwa jani lililomchoma babu yake. Jaji asiyeona kitu hapo, mwache.

La kwanza limenigusa penyewe. Nilipoachishwa kazi kwenye chumba cha brashi, kule singa zinakosafishwa, nilifungua duka la vipuri vya baiskeli, nikaliandikia bango la Kiingereza ambalo mwenyewe nililisoma kwa kusitasita. Vipuri sikuvijua, na aliyeniuzia alijua kuwa sivijui. Nyuma ya duka nilikuwa nasokota kamba, kwa kujifurahisha tu. Wavuvi wakawa wanapita mbele ya vipuri bila kuvitazama, wanakuja kuulizia kamba. Ungedhani nilijifunza. Wapi! Kamba nilizipenda mno hata nikaona haya kuzitoza. Mtu akisema "mzee, punguza", napunguza, maana moyoni najiambia hii si kazi, ni raha. Nilipokuja kupiga hesabu, kila kamba iliyotoka ilikuwa imetoka na pesa yangu. Duka likafa na bango lake.

Basi moyo utie, ila nao ulipwe. Mkoba ukikuchukua saa sita, ziandike saa hizo kwenye daftari pamoja na bei ya singa na nauli, ndipo utaje bei. Na jina mlilolichagua liandikisheni BRELA, kwa wasajili wa biashara, kabla hamjachapa lebo hata moja.

Kuna jambo ulilipitia haraka, ukidhani sikulisikia. Mnataka kutia nailoni kwenye mishikio huku lebo inasema "mkonge mtupu". Mama, nailoni na nyuzi nyingine za plastiki ndizo zilizochangia kuangusha bei ya mkonge na kufunga korona nyingi, vile viwanda vya kuchakata mkonge, huku kwetu, kwa hiyo labda nasema kwa kinyongo. Lakini kwenye mshikio inadumu, siikatai. Iandikeni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, wapo wanaonunua mkoba wa mkonge kwa kuukimbia huo huo uplastiki. Huyo siku atakapofumua mshono, hatarudi kukuuliza. Atawaambia wenzake.

Kesho nawapa watu wa basi furushi la singa. Ni UG, daraja la chini, zina madoa madoa, lakini kwa kutia rangi nyeusi zinafaa sana. Ndani yake nimeweka kipande cha babu yako kwenye bahasha ya kaki. Kama unataka kuwaonyesha majaji, mpigie kwanza shangazi yako umwombe ruhusa, maana yeye ndiye aliyekitunza miaka yote hii.

Baba yako