Huyo Walii Mtoeni Kwenye Faili

Wadogo zangu, juzi nimehakiki mafaili matatu ya tafsiri zetu, yale maandishi ya chini ya skrini kwenye tamthilia za Kiingereza, na katika mawili nimemkuta mtu anaitwa Walii. Nikarudi kwenye sauti. Hakuna walii. Kuna fundi kajigonga nyundo kidoleni, mkewe anamwambia "you wally", yaani bwege we. Mmempa mtu utakatifu bure!

1. Msikisie. Na hata mkiwa na hakika, tafuteni. Mimi nilikuwa na hakika ndiyo maana nikaumbuka.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa tamthilia ya baa moja ya London. Mzee aliyewahi kuwa askari anamfokea mhudumu, "you daft bint". Nilivyoliona hilo bint nikacheka peke yangu. Hili si letu hili? Mwarabu katupa binti, kumbe na wao kawapa. Nikaandika "Binti, acha mzaha", nikasonga mbele. Sekunde nne baadaye msichana anammwagia mzee bia kichwani. Nami, kwa akili zangu zote, nikaona ndiyo tabia za Wazungu.

Mhakiki wetu, bibi wa Kiunguja, alikuwa likizo, kwa hiyo kipindi kikaruka hivyohivyo. Akakitazama sebuleni kwake na wajukuu. Jumatatu akaniita mbele ya wenzangu. "Mwanangu, hebu nieleze. Mzee wa watu kamwita kwa adabu, kwa neno la Siti binti Saad, naye kamwagiwa bia. Kosa lake nini?" Nikabaki nakodoa macho kwenye zulia. Akanituma nikatafute.

Nikakuta kwamba askari wa Kiingereza waliokaa Misri waliliokota neno hilo kwa Waarabu wakarudi nalo kwao, na huko likawa la kumdharau mwanamke. Lililokuja kwetu kwa jahazi lilishuka na heshima zake. Lililopanda meli ya jeshi lilifika limevuliwa nguo. Nikaandika upya, "We mwanamke zuzu". Mpaka leo nikichelewesha faili wananiuliza binti hajambo.

2. Pimeni uzito wa neno la leo, asili yake muiache pembeni. Berk imetoka kwa watu wa London wanaosema kwa vina: Berkeley Hunt. Hunt ina kina na tusi la nguoni, basi wanaitupa hiyo, wanabaki na kipande cha mwanzo, mgeni asing'amue. Wenzenu wa pwani mliocheza kinyume utotoni, kugeuzageuza silabi ili mgeni asielewe, mnaelewa mchezo huo. Lakini leo berk ni bwege tu, na wengi wanaolisema hawajui limetoka wapi. Pillock vilevile: zamani ilikuwa uume, sasa ni zuzu. Kuna mmoja wenu kasoma asili yake, akafurahi, akaandika kitu ambacho sikirudii hapa. Kipindi ni cha saa kumi na mbili jioni, watoto wako macho!

3. Muppet, numpty, prat: mjinga, juha, zoba, chagueni kwa urefu wa mstari.

4. Nonce haimo kwenye kundi hilo. Ni neno la magerezani kwa mtu anayenajisi watoto. Ukiandika mjinga, mtazamaji haelewi kwa nini jela nzima inataka kumuua.

5. Ulizeni, hakuna aibu. Robert Browning, mshairi wao, mwaka 1841 alitia twat kwenye shairi akidhani ni vazi la kichwani la masista, kwa sababu alilikuta kwenye shairi la kale limekaa jirani na kofia ya kadinali. Ni tusi la nguoni. Wenye kamusi ya Oxford walipomwuliza, akawaeleza kwa utulivu kabisa kwamba ni vazi. Huyo kazaliwa Camberwell, London. Sembuse sisi wa Temeke?

Mafaili nayataka Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi, mistari isizidi herufi 42. Na nikimkuta tena walii, aje na kaburi lake tukazuru.