Nyanya yenye kinga ya fuzari bado inanyauka

Habari ndugu. Unasema pakiti yako ya mbegu za nyanya imeandikwa kinga ya fuzari (kuvu anayenyausha mimea) 1 na 2, ila mimea inanyauka. Kata shina karibu na ardhi, ning'iniza kipande ndani ya glasi ya maji safi. Uzi kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko bakteria. Usiposhuka, na mishipa ndani ya shina ni ya kahawia, shuku fuzari.

Sasa angalia namba za kwenye pakiti. Kuvu wa fuzari ana mbari (aina ndogo) 3: Marekani huzihesabu 1, 2, 3, Ulaya 0, 1, 2. Ikiwa namba zako ni za Kimarekani, huenda una mbari ya 3, ambayo protini yake Avr2 imebadilika kidogo tu na jeni la kinga la nyanya, I-2, haliitambui tena. Hapo tafuta mbegu yenye jeni jingine la kinga, I-3. Mbari haionekani kwa macho, inahitaji maabara. Kagua pia vinundu mizizini. Huletwa na minyoo fundo, nao huzidisha mnyauko.