Ini jipya, kirusi kilekile

Shikamoo daktari. Baba alipandikizwa ini India mwaka jana kwa homa ya ini aina ya C. Juzi kapimwa, kirusi bado kimo. Si ini bovu lilitolewa? (Mambrui)

Marahaba. Ini lilitolewa, damu ikabaki. Mgonjwa akiingia chumba cha upasuaji na kirusi damuni, karibu kila mara hulirukia ini jipya. Tena huko huenda mbio, maana dawa za kuzuia mwili kulikataa ini huwafunga mikono askari wa mwili. Enzi kabla ya dawa za sasa, wagonjwa 20 hadi 30 katika kila 100 walikuwa na ini lililojaa makovu ndani ya miaka 5. Ini la kwanza huchukua miaka 20 au zaidi kufika hapo.

Msikate tamaa. Tangu 2013 kuna sofosbuvir, vidonge vinavyonywewa pamoja na dawa nyingine, mara nyingi kwa wiki 12. Zaidi ya 9 kati ya 10 hupona, waliopandikizwa wakiwemo. Ulizeni kwa nini baba hajaanzishiwa.

Nimtolee mamangu kipande cha ini mimi, miaka 26, au ami yangu wa miaka 61? (Langoni, Lamu)

Kwa homa hii ya ini aina ya C, ini la mtu mzima sana hushika makovu upesi zaidi. Lakini ujana peke yake hautoshi: makundi ya damu yapatane, ini lako lisiwe na mafuta, na uwe umeridhia mwenyewe. Kikao cha ukoo kisikusukume.

Pombe nimeacha. Muguka, yale majani ya kutafuna, je? (Malindi)

Uache pia.

Mama, aliyepandikizwa ini, akijisikia vizuri huruka dawa siku mbili tatu. Asubuhi hunywa maji ya balungi. (Shela)

Hili ndilo linaloniudhi. Mama mmoja alinifungulia pindo la leso: vidonge vya takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili kulikataa ini, vimechanganyika na mvuje, hajui kipi cha jana kipi cha leo. Akiruka dawa, mwili hulishambulia ini. Hapo daktari hulazimika kumpa steroidi, dawa kali za kutuliza kinga ya mwili, nyingi kwa mkupuo, na kirusi kikiwa bado kimo, hunenepa kwa steroidi hizo. Balungi nalo huipandisha takrolimusi damuni, figo zikaumia. Aache balungi, anywe maji matupu. Sukari yake nayo ipimwe, kwani kisukari huyaharakisha makovu. Vidonge mtafutieni kikopo chenye kifuniko, na mjukuu mmoja wa kumhesabia.